Mamajusi Kabla ya Mataji

Sura ya pili ya Injili ya Mathayo, iliyoandikwa kwa Kigiriki yapata kati ya mwaka 80 na 90 baada ya Kristo (B.K.), haitaji wafalme, haisemi kwamba wageni walikuwa watatu, haina ngamia wala hori la ng'ombe, na haimpi hata mmoja wa wageni hao jina. Inasema tu kwamba walikuwa mamajusi wa kutoka mashariki, kwamba waliiona nyota, na kwamba waliingia nyumbani wakamkuta mtoto pamoja na mama yake. Hata hivyo, Mkristo wa Kamenu, mojawapo ya wadi za Thika Mjini katika Kaunti ya Kiambu, akiulizwa ni akina nani waliokwenda kumsujudia Yesu, yaelekea atajibu bila kusita kwamba ni wafalme watatu, Gaspari, Melkiori na Baltazari, na huenda akaongeza kwamba mmoja wao alikuwa mtu mweusi. Jibu hilo lilichukua zaidi ya miaka elfu moja kuundwa, na lilipofika katika nchi ya Wakikuyu lilikuwa limekwisha kukamilika. Historia yake inastahili kusimuliwa kwa makini, kwa kuwa watu ambao Mathayo aliwafikisha Bethlehemu walikuwa wasoma nyota na wafasiri wa ndoto, yaani watu wa fani ambayo wamisionari na serikali ya kikoloni waliihesabu kuwa ushirikina wa kufutwa. Na mataji waliyovikwa baadaye ndiyo yaliyomzuia msomaji wa Thika asiwatambue.

Washauri wa wafalme: karne ya 6 K.K. hadi karne ya 1 B.K.

Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo (K.K.), aliwahesabu Mamajusi miongoni mwa makabila sita ya Wamedi, wenyeji wa nyanda za juu za Iran ya leo, akaeleza kwamba Waajemi hawakutoa sadaka bila Majusi kuwapo, na kwamba Mamajusi ndio waliofasiri ndoto za wafalme. Kabla yake, mfalme Dario I alikuwa amechonga kwenye jabali la Behistun habari za Gaumata, Majusi aliyenyakua kiti cha enzi mwaka 522 K.K. na kuuawa baada ya miezi michache tu. Tangu mwanzo, basi, Majusi alikuwa mtu wa karibu na kiti cha enzi, akimshauri mfalme, akimfasiria ndoto na kuutunza moto mtakatifu wa dini iliyotokana na mafundisho ya Zarathustra, lakini hakuwa mfalme, na yule mashuhuri aliyethubutu kujifanya mfalme alilipa kwa uhai wake. Waajemi walipoutwaa mji wa Babeli mwaka 539 K.K., walikutana huko na Wakaldayo, waliokuwa wakiandika mwendo wa sayari kwenye vibao vya udongo kwa vizazi vingi, na kadiri miaka ilivyopita Wagiriki wakazoea kuziunganisha elimu hizo mbili chini ya jina la Mamajusi. Kitabu cha Danieli, ambacho Wayahudi wa zama za Yesu walikijua vizuri, kinamwonyesha Myahudi akiwekwa kuwa mkuu wa wenye hekima wa Babeli, jambo linaloonyesha kwamba hata ndani ya Maandiko watu hao hawakuwa wa kudharauliwa tu.

Lakini jina hilo lilikuwa na upande wa pili. Warumi na Wagiriki walilitumia pia kwa yeyote aliyeuza hirizi na miujiza sokoni, na Plinio Mkubwa, aliyeandika katika miaka ya 70 B.K., aliihesabu elimu ya Mamajusi kuwa udanganyifu mtupu. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinafuata maana hiyo kinapowataja Simoni wa Samaria na Elima wa Kipro, na tafsiri ya Biblia ya Kiswahili inayotumiwa zaidi, ile ya Union iliyokamilika mwaka 1952, inawapa hao wawili sifa ya uchawi, huku wageni wa Bethlehemu, ambao Kigiriki kinawaita kwa jina lilelile, wakibaki mamajusi. Msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba Mathayo aliwapa heshima watu ambao Wakristo wengine wa kizazi chake waliwataja kwa kuwalaani.

Ili kuelewa kwa nini kufika kwao Yerusalemu kulitikisa mji mzima, ni lazima kuyakumbuka mambo ya mwaka 40 K.K., pale majeshi ya Waparthi, watawala wa Uajemi wa wakati huo, yalipovuka Frati, yakaingia Yerusalemu na kumtawaza Antigono kuwa mfalme wa Wayahudi. Herode alitoroka usiku pamoja na jamaa zake, akaenda hadi Roma, akatangazwa mfalme na baraza la Seneti akiwa hana hata kijiji kimoja cha kutawala, na ilimchukua hadi mwaka 37 K.K. kuuteka mji kwa msaada wa majeshi ya Kirumi. Mtu wa namna hiyo, aliyezeeka akiwaua wanawe mwenyewe kwa kuwashuku na kufariki mwaka 4 K.K., hakuweza kulisikia kwa utulivu swali la watu wa mashariki waliouliza yuko wapi aliyezaliwa mfalme wa Wayahudi. Kwa masikio yake, swali hilo lilikuwa habari ya Waparthi kurudi. Na wasomaji wa kwanza wa Mathayo walikuwa na mfano mwingine wa karibu: mwaka 66 B.K. Tiridate, mfalme wa Armenia ambaye mwenyewe alikuwa kuhani wa dini ya Uajemi, alisafiri hadi Roma pamoja na Mamajusi akapiga magoti mbele ya Nero. Mathayo anaandika kwamba wageni wa aina hiyo walikuwa wamekwisha kupiga magoti mahali pengine, mbele ya mtoto wa nyumba isiyo na jina, na hilo lilikuwa neno zito kulisema chini ya utawala wa Roma.

Zawadi zenyewe zinayaelekeza macho upande huu wa dunia. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplo ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri katika karne hiyohiyo ya kwanza, kinazitaja bandari za pwani ya Somalia, kama vile Malao, Mundu na Opone, kuwa chimbuko la uvumba, manemane na viungo vilivyopelekwa Misri na Arabuni, kisha kinashuka hadi Azania, pwani ya Afrika Mashariki, na soko lake la mwisho la Rapta, lililouza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Miti ya manemane ingali inaota katika nchi kame za Mandera, Wajir na Marsabit, ambako gome likipasuka utomvu huchuruzika, hukauka kwa jua na kuwa madonge ya rangi ya hudhurungi yenye vumbi juu, ndipo wafugaji huyabandua kwa mikono na kuyauza kwa wachuuzi wa mijini. Haijulikani Mathayo aliwaza nchi gani alipoandika habari za zawadi hizo, lakini bidhaa mbili kati ya tatu zilikuwa za nchi zinazoizunguka Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika, wala hazikuwa geni kwa majirani wa Wakenya wa leo.

Karne za kuwatafutia heshima: 110 hadi 614

Vizazi vya kwanza vya Wakristo viliishi katika miji iliyojaa wanajimu, yaani watu waliodai kusoma hatima ya mwanadamu katika mwendo wa nyota, na viongozi wa Kanisa walitumia nguvu nyingi kuwazuia waumini wasiwaendee. Kwao, nyota ya Bethlehemu ilikuwa tatizo la kweli. Ignatio wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, alilitatua kwa kufundisha kwamba nyota hiyo ilitokea ili kuvunja nguvu za uchawi wote. Tertuliano wa Karthago, mwana wa Afrika ya Kaskazini aliyeandika yapata mwaka 200, alikwenda mbali zaidi, akasema elimu ya nyota iliruhusiwa hadi kuja kwa Injili tu, na kwamba baada ya hapo hakuna mwenye ruhusa ya kuitumia. Ni Tertuliano huyohuyo aliyeandika, katika kitabu kingine, kwamba nchi za mashariki ziliwahesabu Mamajusi kuwa karibu sawa na wafalme, na akaunganisha habari zao na Zaburi ya 72, inayowataja wafalme wa Sheba na Seba wakileta zawadi. Sura ya 60 ya Isaya, yenye wafalme, ngamia, dhahabu na uvumba, nayo ikavutwa kuelekea upande huohuo. Mwafrika mwingine, Origeni wa Aleksandria, aliwahesabu kuwa watatu, kama zawadi zilivyokuwa tatu.

Hapa ndipo palipo njia panda ya historia hii. Walimu hao hawakukusudia kudanganya. Walisoma Agano la Kale kama watu wanaotafuta utimilifu wake, na walipoona wafalme wakileta dhahabu na uvumba waliamini wamewaona Mamajusi. Lakini tafsiri hiyo iliwasaidia pia kuepuka aibu, maana mfalme anayesujudu ni rahisi kumhubiri kuliko mpiga ramli anayesujudu. Kuanzia hapo fani yao ikaanza kufifia na vyeo vyao vikaanza kukua.

Wachoraji hawakuharakisha kama wahubiri. Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, yaitwayo katakombe, wageni wa Bethlehemu wamechorwa mahali pengine wawili na mahali pengine wanne, na Wakristo wa Shamu walioandika kwa Kisiria walisimulia habari za Mamajusi kumi na wawili. Mozaiki, yaani picha ya vijiwe vya rangi, iliyowekwa katika karne ya 6 kwenye ukuta wa kanisa la Sant'Apollinare Nuovo mjini Ravenna, inawaonyesha watatu: mzee mwenye ndevu nyeupe, kijana asiye na ndevu na mtu mzima mwenye ndevu nyeusi. Wamevaa suruali za kubana zenye madoadoa, joho fupi lililofungwa begani na kofia nyekundu ya Kiajemi iliyopinda nchani, nao wameinama wakikimbilia mbele na zawadi zao mikononi, na majina yao yameandikwa juu ya vichwa. Sehemu ya juu ya picha hiyo ilikarabatiwa sana katika karne ya 19, lakini mavazi yanaeleza waziwazi kwamba mchoraji alikuwa akiwafikiria makuhani wa Uajemi. Masimulizi ya kale ya Wakristo wa mashariki yanadai kwamba mwaka 614, majeshi ya Uajemi yalipoziharibu nyumba za ibada za Palestina, yaliliacha Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu huko Bethlehemu kwa sababu askari waliona ukutani watu waliovaa kama wao.

Mifupa ya Köln na mfalme mweusi: 1164 hadi 1500

Mataji yalishika kabisa vichwani mwao pale wafalme wa Ulaya walipowahitaji. Mwaka 1164 Rainald wa Dassel, Askofu Mkuu wa Köln na mshauri mkuu wa Kaisari Frederick Barbarossa, alitwaa kutoka mji wa Milan, uliokuwa umeshindwa vitani miaka miwili kabla, mifupa iliyoaminika kuwa ya Mamajusi, akaipeleka kwenye kanisa lake kando ya mto Rhine. Mafundi wa dhahabu, wakianza na Nicholas wa Verdun, waliitengenezea sanduku kubwa lililokamilika yapata mwaka 1225, na mbele yake wakamchonga Otto IV, mtawala wa Ujerumani aliyechangia dhahabu, akiwafuata wale watatu kana kwamba yeye ni wa nne. Wafalme wa Ujerumani wakazoea kwenda Köln kusali mbele ya sanduku hilo baada ya kutawazwa mjini Aachen. Kiti cha enzi kilichogombana na Papa juu ya nani mwenye mamlaka kilikuwa kimepata wafalme waliomsujudia Kristo moja kwa moja, bila askofu kati yao, na kuwarudisha katika hali yao ya zamani ya kuwa wasoma nyota hakukuwa na faida tena kwa mtu yeyote mwenye nguvu.

Mweusi miongoni mwao alikuja hatua kwa hatua. Maandishi ya Kilatini ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa ya Beda wa Uingereza yalikuwa yamemweleza Baltazari kuwa mtu wa rangi ya giza, na katika karne ya 14 John wa Hildesheim, mtawa wa Kikarmeli, aliandika historia ndefu ya wafalme watatu ambamo mmoja ni Mwethiopia. Wazo kwamba watatu hao waliwakilisha Asia, Afrika na Ulaya likaenea, na wajumbe wa Ethiopia walipofika kwenye Mtaguso wa Florence mwaka 1441, Wakristo weusi walionekana kwa macho katika Ulaya ya Magharibi. Kufikia mwaka 1500 mfalme mweusi alikuwa wa kawaida katika picha za Ujerumani na Uholanzi, mara nyingi akiwa ndiye kijana kuliko wenzake na wa mwisho kufika mbele ya mtoto. Heshima hiyo haipaswi kupuuzwa, lakini ni lazima isomwe pamoja na tarehe nyingine: mwaka 1444 shehena kubwa ya kwanza ya Waafrika waliotekwa iligawanywa mjini Lagos, kusini mwa Ureno, na mwaka 1498 meli za Wareno zilifika Mombasa na Malindi. Ulaya ilimpaka Mwafrika rangi ya dhahabu ukutani katika karne ileile ilipoanza kumfunga minyororo bandarini.

Pwani iliyowajua Majusi: hadi 1952

Wakati Ulaya ikiwavika mataji, pwani ya Waswahili iliwajua Majusi kwa njia nyingine. Kurani inawataja Majusi katika Sura ya al-Hajj, aya ya 17, pamoja na Wayahudi, Wasabai na Wakristo, na kwa Mwislamu msomi wa Mombasa au Lamu neno hilo lilimaanisha waumini wa dini ya moto ya Uajemi. Mwaka wa jua wa Waswahili, unaohesabiwa kuanzia siku ya Nairuzi, umetokana na mwaka mpya wa Waajemi, na watu wa Makunduchi huko Unguja bado wanauadhimisha mwezi Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, ambamo kibanda cha makuti huchomwa moto. Waparsi, wafuasi wa Zarathustra waliotoka India, waliishi Zanzibar wakiwa wafanyabiashara na makarani na walikuwa na nyumba yao ya ibada. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 na baadaye kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alitoka katika familia ya dini hiyo. Unajimu nao ulikuwa elimu yenye walimu na vitabu, na hadi kizazi cha juzi Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, alisikilizwa na watu wengi, Wakristo wakiwamo.

Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, askofu wa misheni ya Zanzibar, waliweka msingi wa tafsiri za Kiswahili, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Kazi hiyo ilifanyika katika lugha ya pwani, na jina la mamajusi lililomo katika Biblia ya Union lina uzito wake huko. Bara mambo yalikuwa tofauti. Mtu wa Kiambu au Murang'a hakuwa na jirani Mparsi, hakuwa na Nairuzi, na alipokutana na mamajusi katika Biblia alikutana na neno lisilo na mwenyewe. Pengo hilo likajazwa na kadi za Krismasi, picha za katekisimu na maigizo ya shule za misheni, na katika vyote hivyo mgeni wa Bethlehemu alikuwa na taji.

Reli, sheria na mugumo: 1898 hadi 1963

Wapresbiteri wa Scotland walianza kazi Thogoto mwaka 1898, Mapadre wa Roho Mtakatifu wakajenga Mtakatifu Austin karibu na Nairobi mwaka uliofuata, na katika miaka michache vituo vya Kambui na Mang'u vikaifikisha Injili kwenye vilima vinavyoelekea Thika. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na tawi lake likafika Thika mwaka 1913, likiwaleta vibarua wa mashamba ya katani na kahawa kutoka makabila mengi, na kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya kazi katika mji huo.

Wakikuyu walikuwa na mtu aliyetangulia kuyaeleza hayo. Mugo wa Kibiru, ambaye wengine humwita Chege, alikuwa mtabiri ambaye habari zake Jomo Kenyatta alizisimulia katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938: aliamka siku moja akitetemeka, mwili una michubuko, akawaambia wazee kwamba watakuja wageni wenye ngozi kama ya chura mdogo mweupe, na nyoka wa chuma mwenye miguu mingi atakayetoka kwenye maji makubwa ya mashariki. Aliwaonya vijana wasikimbilie kupigana nao. Mtu huyo alipokea habari kwa njia ya ndoto na kuwapelekea wakuu wa watu wake, na kwa kipimo cha kazi anakaribiana na Mamajusi wa Mathayo kuliko mfalme yeyote wa Köln.

Chini ya mtabiri kama huyo walikuwapo waganga wa kawaida, walioitwa andu ago, na kila mmoja wao mundu mugo. Mundu mugo alikuwa na kibuyu chenye mbegu na vijiwe. Alikitikisa, akavimwaga juu ya ngozi, akavihesabu kwa mafungu, na mabaki ya hesabu yakamwelekeza kwenye chanzo cha ugonjwa au mahali pa sadaka. Wakikuyu walimtenganisha kabisa na murogi, yaani mchawi aliyeua kwa sumu, kwa kuwa kazi ya mmoja ilikuwa kumshinda mwingine. Serikali haikuijali tofauti hiyo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1909, na nyingine ya mwaka 1925 iliyochukua nafasi yake, zilimweka anayeroga na anayetafuta mhalifu kwa kupiga ramli ndani ya sheria moja, na misheni nazo zikamtaka mwanafunzi wa ubatizo awaache wote wawili kwa kiapo kimoja. Mkatekumeni wa Mang'u aliyekwisha kumkana mundu mugo wa kijiji chake aliimba kila Januari juu ya wafalme watatu, bila kuambiwa kwamba watu hao walifika Bethlehemu kwa kusoma ishara na wakarudi kwao kwa kuitii ndoto.

Wako Wakikuyu waliokataa mgawanyo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walitokea Watu wa Mungu, waliokuja kujulikana kuwa Akorino, ambao ndoto na unabii vilikuwa na nafasi kubwa katika ibada zao. Mwaka 1934 mmoja wa viongozi wao, Joseph Ng'ang'a, na wenzake wawili waliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu, si mbali na Thika. Baada ya mgogoro wa tohara ya wanawake wa mwaka 1929, shule na makanisa huru yalimwita Daniel William Alexander, askofu mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika kutoka Afrika Kusini, aliyefika mwaka 1935 na kuwaweka wakfu makasisi wa kwanza kabla ya kuondoka mwaka 1937. Mmoja wao, Arthur Gathuna, aliongoza kundi lililopokewa chini ya Patriarki wa Aleksandria mwaka 1946. Uamuzi huo uliwaleta Kenya Mamajusi wa mapokeo ya mashariki, maana Waorthodoksi huisoma habari yao tarehe 25 Desemba, katika ibada ya Kuzaliwa kwa Bwana, na wimbo mkuu wa siku hiyo hautaji wafalme bali unawataja walioabudu nyota wakifundishwa na nyota. Tarehe 6 Januari, ambayo kwa Wakatoliki na Waanglikana ni sikukuu ya Tokeo la Bwana na ya Mamajusi, kwa Waorthodoksi ni ya Ubatizo.

Mwaka 1959, Hali ya Hatari ikikaribia kumalizika, Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Marangu na kusomea Makerere, alichora picha kubwa tano kwenye kuta za kanisa la Waanglikana mjini Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika vita vya Mau Mau. Ya kwanza ni Kuzaliwa kwa Yesu, na Bethlehemu yake imo katika mandhari ya Wakikuyu, na watu wake wote ni Waafrika. Kwa watu waliokua na kadi za Krismasi zenye theluji, kuona kwamba mtoto huyo angeweza kuzaliwa kwao kulikuwa hatua kubwa kuliko mfalme yeyote mweusi aliyesimama pembeni katika picha za Wazungu. Thika yenyewe ilikuwa na ukumbusho wake wa aina nyingine: mti wa mugumo ambao Mugo wa Kibiru alisemekana kutabiri kwamba siku utakapoanguka, utawala wa wageni utakwisha. Masimulizi yanayojulikana sana yanasema kwamba wakoloni waliuzungushia chuma ili usianguke, na kwamba ulipigwa na radi ukaanguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Mahali pake panaitwa Mugumo Gardens hadi leo.

Baada ya 1969

John Mbiti, kasisi na mwanateolojia kutoka Kitui, alichapisha mwaka 1969 kitabu African Religions and Philosophy, ambamo aliwatetea waganga dhidi ya desturi ya Wazungu ya kuwaita wachawi, akawaeleza kuwa marafiki na walezi wa jamii. Aliendelea kufundisha kwamba Mungu alijulikana Afrika kabla ya wamisionari kufika. Hakuna sura ya Agano Jipya inayolipa fundisho hilo nguvu kama sura ya pili ya Mathayo, ambamo watu wa dini nyingine wanaijua siku kabla ya makuhani wa Yerusalemu. Katika miaka ya 1990 Biblia ya Habari Njema, iliyotafsiriwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, iliwaita Mamajusi wataalamu wa nyota, na msomaji wa kawaida wa bara akaambiwa waziwazi walikuwa wakifanya kazi gani. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, kwa upande wake, imebaki kuwa Sura ya 67 ya Sheria za Kenya.

Kuwasoma upya Mamajusi si kumpa mpiga ramli kibali. Mathayo ni mwangalifu: nyota iliwafikisha hadi Yerusalemu, na jina la Bethlehemu wakalipata katika kitabu cha nabii Mika kilichosomwa na wengine. Kosa lao kubwa lilikuwa kuamini kwamba mfalme lazima azaliwe karibu na ikulu. Wakaenda kuuliza Yerusalemu, Herode akasikia, na watoto wa Bethlehemu wa miaka miwili na chini yake wakalilipia swali hilo kwa damu. Wahubiri wengi huipita sehemu hiyo haraka, ingawa inaeleza vizuri kuliko nyingine hatari ya elimu inayotafuta kibali cha wenye mamlaka. Na wale makuhani na waandishi waliokijua kifungu cha Mika hawakuthubutu kuutembea mwendo wa saa chache hadi Bethlehemu. Mathayo hasemi kwamba wageni waliacha kusoma nyota, wala kwamba walibatizwa. Anasema walionywa katika ndoto wakaenda zao kwa njia nyingine hadi nchi yao. Habari za kubatizwa kwao na Mtume Tomaso zilikuja karne kadhaa baadaye, kwa mikono ya waandishi ambao hawakuweza kuvumilia kuwaacha waondoke kama walivyokuja.